Tanuru Bila Koo

Saloni, chumba cha nyuma
3 Februari

Nyaya, kichwa kigumu kama plagi ya zamani,

Habari zako nimezipata kwa mteja wa binti yangu, si kwako. Mama mmoja alikuwa chini ya lile dude la kukaushia nywele, na unajua chini ya lile dude kila mtu hujiona kiziwi, akapaza sauti saloni nzima ikasikia: "Jamani, Tanuru wanatoa albamu mpya! Na wameweka msichana ndiye aimbe!" Halafu akaniona mimi kwenye kona, nakunja taulo. Akaziba mdomo kwa mkono. Nikachukua kibao changu nikamwandikia: USIJALI MAMA, HATA MIMI NILISHAICHOKA ILE SAUTI. Alicheka mpaka vibanio vikamwagika.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Tulianza wanne. Mpiga besi wetu aliacha akaenda kuuza viwanja, Tingatinga tukamzika na vijiti vyake vya drami, mimi daktari akanifungua shingo kama anafungua zipu ya begi, na leo bendi nzima ya hevi metali iliyokuwa ikipasua vioo vya kumbi ni wewe na watoto wa watu. Nasikia mpiga besi mpya ni karani wa benki na mpiga drami ni shemeji yake. Karani, Nyaya! Siku hizi ngurumo zinavaa tai?

Sina kinyongo. Kinyongo kinahitaji koo la kukwamia, na langu liko ndani ya chupa hospitalini, wanafunzi wanalichungulia wakijifunza ubaya wa kupiga kelele.

Ninalotaka kujua ni moja tu. Mnakaza nyuzi kwa kufuata nini? Tangu tuanze Tanuru, kabla ya kila onyesho nilikuwa natoa "mmmm" moja, pale pale sauti yangu ilipotua siku hiyo, na wewe unakaza gitaa kufuata koo langu, na besi anakaza kufuata gitaa lako. Kile kidude cha kupimia chenye taa ya kijani uliapa hakitaingia kwenye gari letu, ukakiita mkongojo. Haya, kipimo kimekatwa. Sasa mnapimia futi?

Usinipigie simu, nitakupumulia tu. Andika.

Asiye na neno,
Ngurumo


Duka la umeme, ghorofani
11 Februari

Ndugu Ngurumo,

Ni kweli, nilipaswa kukuambia mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta maneno, na unajua maneno yalikuwa kazi yako. Yangu ilikuwa waya.

Simu nisingepiga hata kama ungekuwa na koo. Simu za siku hizi ni mbovu, watu wanazungumza kama wanaficha kitu. Hata wateja ni hivyo hivyo. Mtu analeta pasi yake iliyoungua, anachezesha midomo bila kutoa sauti, kisha ananikasirikia mimi. Kengele ya mlango wa duka nimeibadilisha mara mbili na bado hailii. Vitu vinavyotengenezwa sasa havina roho.

Msichana kazi yake ni kupaka rangi magari. Namwita Bisibisi kwa sababu sauti yake inaingia polepole ikizunguka, na ukija kushtuka imeshakaza. Ana heshima. Karani naye ana heshima, na shemeji yake. Wote wananifuata bila ubishi, jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya hata siku moja.

Umeuliza kuhusu nyuzi. Nakaza kwa kumbukumbu. Ile "mmmm" yako iko kichwani mwangu, kila asubuhi naisikia kabla sijasikia kitu kingine chochote. Kidude cha taa sitanunua. Mtu aliyezoea kupimwa na koo hawezi kupimwa na balbu.

Hii ni albamu ya saba na ndiyo ya mwisho, nimeshaamua. Nikimaliza naweka gitaa chini. Kwa hiyo sitaki itoke na aibu hata moja. Ikikamilika nitakutumia sidii kwa basi kabla sijaipeleka kiwandani mwishoni mwa Machi. Sikiliza, uniambie. Masikio mengine siyaamini.

Nyaya


Gereji ya rangi
6 Machi

Shikamoo mzee Ngurumo,

Hunijui, au unanijua kama yule aliyekalia kiti chako. Mimi ndiye Bisibisi. Anwani yako nimeiona juu ya bahasha mezani kwa mzee Nyaya. Samahani kwa kuandika bila kuagizwa.

Mzee, sisi tunarekodi tangu Januari. Tulipokuwa tunapiga wote pamoja mambo yalikuwa mazuri. Mzee Nyaya anakaza nyuzi anavyojua yeye, karani anakaza besi kumfuata, na mimi nashusha sauti mpaka namkuta. Siku moja tunakuwa chini kidogo, siku nyingine chini zaidi, lakini tuko wote mahali pamoja. Ilisikika vizuri. Ilisikika kama Tanuru.

Halafu Jumapili moja akajifungia studio peke yake. Alisema gitaa halikuwa na moto. Akarudia gitaa lote, nyimbo zote tisa, sisi hatupo. Jumatatu fundi wa mitambo alipotufungulia rekodi, tulitazamana. Gitaa liko sehemu yake na sisi tuko sehemu yetu. Fundi alimwambia mzee kwa upole kwamba nyuzi zimeshuka. Mzee alimfukuza. Fundi mpya anafunga mdomo.

Mimi nilijaribu. Nilisimama nyuma yake nikamwambia, "Mzee, naona gitaa limeteremka kidogo." Akageuka akasema, "Asante mwanangu," akanipa peremende. Mpaka leo sijui kama hakunisikia au alinisikia.

Nafikiri hasikii, mzee. Nafikiri ni muda mrefu hasikii. Karani anasema tumwache, ni bendi yake. Lakini anasema ni albamu yake ya mwisho, anaitaja kama mtu anayetaja mtoto, na inakwenda kutoka hivi. Watamcheka.

Leo ameweka sidii kwenye basi kwa ajili yako. Mwambie wewe. Wewe atakusikiliza.

Kwa heshima,
Bisibisi


Saloni, chumba cha nyuma
10 Machi

Marahaba mwanangu,

Sidii imefika. Mkwe wangu aliniwekea kwenye redio ya chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaondoka kwa ncha za vidole kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mdogo na utausahau. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia. Nilikaa na taulo begani kama bondia. Nilikuwa na matusi mapya, mengine nimeyachukua kwa wateja wa hapa, na hakuna watukanaji kama wanawake wanaosubiri rangi ya nywele ikauke. Wimbo wa kwanza nikatafuta kosa. Wa pili nikatafuta kosa. Wa tatu nikalazimika kwenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Unaimba, mtoto wewe. Unaimba na koo lote. Litunze, usilifanyie nilivyolifanyia langu.

Na gitaa nimelisikia. Linatembea kando ya wimbo kama mlevi anayesindikizwa nyumbani na watu wenye adabu.

Nitamwambia. Mimi na yeye tumetukanana miaka yote bila kuumia, atanielewa.

Ngurumo


Saloni, chumba cha nyuma
10 Machi

Nyaya, mzee wa volti ndogo,

Mzigo wako nimeusikiliza. Msichana anaimba mpaka nikamwonea huruma marehemu koo langu. Karani anapiga besi kama mtu anayefunga hesabu, haachi hata senti. Shemeji yake anapiga drami kama anabomoa nyumba ya mama mkwe.

Sasa gitaa. Ulilinywesha nini? Lilikuja studio lenyewe au lilibebwa? Nimelisikia kwenye wimbo wa kwanza likiulizia njia, kwenye wa tano likakaa chini, na kwenye wa tisa nadhani limelala kabisa na mtu mwingine analikokota miguu. Mkwe wangu alifikiri betri za redio zimekwisha, akaenda kununua nyingine. Sasa tuna betri mpya na gitaa bado limelewa.

Nunua kidude cha taa ya kijani, mzee, umeze fahari yako na maji baridi, urudie gitaa. Siku bado zipo.

Ngurumo


Duka la umeme, ghorofani
15 Machi

Ndugu Ngurumo,

Nimecheka nikiwa peke yangu mpaka bisibisi ya kweli ikanidondoka kwenye mguu. Umerudi kuwa wewe! Tangu utoke hospitali hata utani wako ulikuwa na huzuni ndani, nikaanza kuogopa.

Albamu yetu ya kwanza ulisema gitaa langu linalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani, na ndiyo iliyotujazia kumbi. Ya tatu ulisema ninapiga kama nakuna upele. Ukinitukana najua nimepatia. Karani nilimsomea barua yako, hakucheka, vijana hawajui utani.

Nimefurahi kwamba umempenda Bisibisi. Nilijua utampenda, ndiyo maana nilichelewa kukuambia.

Natengeneza kifurushi cha kiwandani.

Nyaya


Saloni, chumba cha nyuma
18 Machi

Nyaya,

Hapa sitanii. Soma ukiwa umekaa.

Nyuzi zako zimeshuka. Si mzaha wa mbuzi. Zimeshuka nyimbo zote tisa, na kila wimbo kwa kiasi chake, kwa hiyo hata fundi wa mitambo hana pa kuzishikia. Ulipokuwa unapiga na vijana walikuwa wanakufuata. Ile Jumapili ulipojifungia hukuwa na mtu wa kukufuata, na wewe hukuweza kumfuata mtu. Wimbo wa tatu, pale msichana anapopanda na gitaa linatakiwa limpokee juu, halipo. Mkono umenyooshwa na hakuna wa kuushika.

Ni masikio, ndugu yangu. Kengele yako inalia. Nilimtuma mkwe wangu apite dukani kwako juzi. Ameibonyeza, imelia mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka, na wewe umempa mgongo, unaunga waya. Aliingia akasimama nyuma yako akasema hodi, hodi, hodi. Mwishowe akaondoka.

Rudia gitaa. Karani akupimie kwa kidude, au Bisibisi akuimbie ile "mmmm", ukaze huku umeweka mkono shingoni mwake kama daktari. Fanya vyovyote. Usipeleke hivyo.

Ngurumo


Duka la umeme, ghorofani
22 Machi

Ngurumo,

Umemtuma mkwe wako aje kunipeleleza dukani kwangu.

Nilidhani tunataniana. Sasa naona ulikuwa unazunguka kutafuta pa kuchoma. Ungeniambia tu tangu Februari kwamba hutaki Tanuru itoe albamu ambayo sauti si yako. Ningekuelewa. Hata mimi ningeumia. Lakini kuniambia mimi, niliyekuwa nakusahihisha hata ukiimba usingizini kwenye gari, kwamba sisikii?

Masikio yangu ni mazima. Watu ndio wananong'ona.

Kifurushi kinaondoka tarehe 30. Ukiwa na la kusema la heri, karibu. La shari libakie huko huko kwenye vikausha nywele.

Nyaya


Saloni, chumba cha nyuma
31 Machi

Nyaya,

Naandika kwenye karatasi kwa sababu jana nilichoandika kwenye kibao ulikifuta.

Nilisafiri asubuhi nzima na shingo yangu yenye tundu, nimeifunga kitambaa cha binti yangu chenye maua. Mtoto mmoja kwenye basi alimwuliza mama yake kama mimi ni bibi au babu. Nikafika. Nikabonyeza kengele kwa adabu zote, kisha nikaingia tu. Ulikuwa unazungushia kifurushi utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefunga jeraha.

Ukanikumbatia. Ukasema, kwa sauti ile kubwa, "Umekuja kuniaga!" Nikaandika kwenye kibao: USIPELEKE. Ukacheka. Nikafuta, nikaandika: NYUZI ZIMESHUKA. WOTE WANAJUA. WANAKUOGOPA. Ukaacha kucheka. Ukanipokonya kibao, ukapitisha kiwiko, ukanirudishia kikiwa cheusi.

Nyaya, mimi nimerushiwa chupa. Nimerushiwa nyanya, na siku moja kiatu kizuri cha kulia, nikakaa stejini onyesho zima nikimsubiri mwenyewe arushe cha kushoto. Hakuna mtu aliyewahi kunikatiza kauli namna ile.

Nikafungua mdomo nikutukane. Unajua kilichotoka? Upepo. Na haukutokea hata mdomoni, ulitokea shingoni, ukapeperusha maua ya kitambaa. Na wewe hata huo hukuusikia. Ulikuwa umeshageuka unatafuta mkasi.

Tukasimama pale, wazee wawili, ndiyo Tanuru yote iliyobaki. Kisha karani akaja na tai yake, akatuamkia, akachukua kifurushi akaenda nacho. Ningeweza kumshika shati. Nimewaza njia nzima ya kurudi kwa nini sikumshika shati.

Ngurumo


Duka la umeme, ghorofani
4 Aprili

Ngurumo,

Kiwanda kimepokea. Tusiandikiane tena.

Nyaya


Gereji ya rangi
12 Mei

Shikamoo mzee,

Albamu ilitoka wiki iliyopita, bila shaka umeiona. Nimeona nikuandikie mimi kwa sababu mwenyewe hawezi.

Juzi tuliitwa redioni, mimi na yeye. Alivaa lile koti la ngozi lenye misumari, halifungiki tena tumboni, akalivaa hivyo hivyo. Mtangazaji aliuliza maswali, nami nikawa namgusa mzee mguu chini ya meza kumjulisha kwamba ni zamu yake, naye anajibu swali analodhani ameulizwa. Aliulizwa kuhusu mimi akaeleza habari za transfoma. Ilipita vizuri tu, ilichekesha.

Halafu wakaweka wimbo wa tatu. Gitaa lilipoingia, mtangazaji alikunja uso. Akamtazama mwenzake aliye nyuma ya kioo. Yule wa nyuma ya kioo akafanya hivi na mikono, kama mtu anayepiga gitaa huku anateleza kwenye matope. Wakaanza kucheka. Vipaza sauti vilikuwa vimezimwa, kwa hiyo walicheka wazi, yule mmoja mpaka akainamisha kichwa mezani.

Mzee alikuwa anawaangalia. Akaanza na yeye kutabasamu. Akanipigapiga gotini, akasema, "Umeona? Wameupenda!"

Nikasema ndiyo.

Mzee, mimi nimekuwa nikikuomba umwambie ukweli, sasa naomba kinyume chake. Ukweli hauna kazi tena. Onyesho la uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbi umejaa, wengine wanakuja kwa mapenzi na wengine wanakuja kucheka, na mimi siwezi kuwatenganisha mlangoni. Anasema hahitaji maoni ya mtu. Lakini kila siku ananiuliza kama basi limeleta kitu kutoka kwako. Mwandikie jambo jema. Hata kama ni la uongo.

Bisibisi


Saloni
16 Mei

Kwa ndugu Nyaya,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Huku nyumbani sote hatujambo.

Nimesikiliza albamu mpya ya Tanuru kwa makini. Imetoka vizuri sana. Nyimbo zimepangwa kwa ustadi, na gitaa lako ni zuri mwanzo hadi mwisho. Binti yangu na mkwe wangu wanakupongeza pia.

Nakutakia onyesho jema na kila la heri.

Wako,
Ngurumo


Duka la umeme, ghorofani
23 Mei

Ngurumo,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikaisoma nimekaa.

Hukuniita kichwa kigumu. Hukulitukana gitaa. Umeniandikia kama watu wanavyomwandikia mfiwa. Nikaigeuza nyuma nione labda matusi yako huko. Kulikuwa kweupe.

Nikafunga duka, nikaenda kwa daktari wa masikio. Waliniingiza kwenye kijumba cha kioo, wakanivalisha vile vya masikioni, wakanipa kitufe mkononi. Nikisikia mlio nibonyeze. Nikakaa na kidole tayari, nasubiri waanze. Nikasubiri. Nikafikiri mitambo yao ina hitilafu, nikatazama waya, waya ulikuwa mzima. Kisha mlango ukafunguliwa na muuguzi akaniashiria nitoke. Walikuwa wameshamaliza.

Nimerudi nikapita mbele ya duka la muziki. Albamu iko dirishani, imepangwa vizuri. Siwezi kuifuata duka kwa duka. Nilisimama pale mwenye duka akadhani nimekuja kujitazama, akatoka akanipa mkono.

Ile "mmmm" yako bado naisikia kila asubuhi. Sasa sijui ninachosikia ni nini.

Kiwiko changu kile, unisamehe.

Leo nimempa Bisibisi gitaa alikaze yeye. Hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa zile skrubu. Alilipokea kwa mikono miwili. Akawasha kidude cha taa, kumbe alikuwa nacho mfukoni siku zote, mtoto yule. Kisha akasita, akachukua karatasi akaniandikia: "Mzee, nilikaze sawasawa, au nilikaze kama lilivyo kwenye albamu?"

Maana, Ngurumo, watu wanaokuja wameshazishika hizo nyimbo kama zilivyo. Wengine wamezipenda hivyo, ameandika yeye, sijui kama ni kweli au ananionea huruma, sina tena namna ya kujua. Akilikaza sawasawa, ukumbi mzima utasikia tofauti, na nitakuwa nimesimama pale kukiri kwamba albamu yangu ya mwisho ni kosa. Akilikaza kama ilivyo, nitalipiga kosa lile lile kwa makusudi, nyimbo tisa, wanaocheka wakicheka, na safari hii nitajua.

Alikaa hapo kwenye kiti cha wateja, gitaa liko mapajani, anasubiri. Nimemwambia aende nyumbani nalo, nitamjibu.

Kipimo ulikuwa wewe. Niambie alikaze vipi. Jumamosi iko karibu.

Nyaya


Saloni, chumba cha nyuma
26 Mei

Nyaya, kichwa kigumu,

Yako imefika leo asubuhi. Nimekaa nayo hapa tangu binti yangu afungue. Amepita mara nyingi akiulizia taulo, na taulo sijakunja hata moja. Akaniuliza naandika nini muda wote huo karatasi iko tupu. Mama mmoja mwenye rangi kichwani akasema labda ni barua ya mapenzi. Wakacheka. Kibao kilikuwa pembeni, sikukigusa.

Nilianza na "kaza sawasawa, waache wasikie." Nikakata. Kumwambia mtu hivyo ni rahisi ukiwa si wewe utakayesimama kwenye taa. Nikaandika "kaza kama ilivyo, nani anajua." Nikakata. Wewe unajua.

Basi nikafunga mlango, nikafunga na mdomo, nikajaribu kutoa ile "mmmm". Nilidhani labda nikiitoa nitaona ilikuwa inakaa wapi, nikuelekeze. Nilisukuma mpaka macho yakajaa maji. Kitambaa kikapepea. Mkwe wangu akagonga akauliza kama nimeanguka.

Jumamosi nitakuja, nitakaa mbele upande wako. Vyovyote litakavyokuwa limekazwa nitalisikia lote, na nitakuwa natazama uso wako tu.

Lakini ulichoniuliza, ndugu yangu, sijui. Wallahi sijui.

Ngurumo